Makuyu Kofiani

Jeneza lilikuwa na dirisha la kioo. Inspekta Sekesai Dube aliliona akiwa bado barabarani, maana lilikuwa limewekwa juu ya meza katikati ya uwanja, chini ya hema jeupe lenye riboni, likimetameta kama gari lililotoka dukani jana. Mzee Zvidzai Nhamburo, aliyekuwa amelala ndani yake, alimaliza uzee wake kwa koti moja la kahawia na kofia moja ya nyasi. Laiti angeulizwa, angesema mbao hizo zikajenge zizi la mbuzi na yeye aviringishwe kwenye mkeka.

"Mkwe ndiye kanunua," alisema Konstebo Pfende huku akizima gari. "Na hema, na vipaza sauti. Na ng'ombe wale. Watu wanasema msiba kama huu haujaonekana Buhera nzima."

"Watu wanasema mengi wakishashiba nyama," alisema Inspekta.

Huko Buhera hakuna aliyemwita Sekesai. Aliitwa MaDube, kwa jina la mbari yake, kama mwanamke yeyote mwenye heshima zake, na hata wale aliowapeleka jela walimwita hivyo hivyo. Alikuja msibani na mambo mawili yasiyompendeza. La kwanza lilikuwa mtu mwenye pingu nyuma ya gari. La pili lilikuwa amri ya mkuu wa polisi wa wilaya, kwamba mtu huyo aachwe azike, kisha apelekwe rumande Mutare siku hiyo hiyo na habari iishe. Mkuu mwenyewe alikuwa ameshafika. Alikaa safu ya mbele, ubavuni mwa mkwe, na sahani iliyokuwa mapajani mwake haikuwa ya kwanza.

Mwenye pingu aliitwa Tafireyi, sahwira wa ukoo wa Nhamburo, kama baba yake na babu yake. Sahwira ndiye anayesimama mbele ya jeneza kumtukana marehemu na kuwachekesha waliofiwa, na hakuna anayethubutu kumnyamazisha. Kuzika bila yeye ni aibu ambayo ukoo huikumbuka vizazi na vizazi. Ndiyo maana mkuu alimruhusu aje, si kwa huruma. Aliogopa wazee wasije wakalalamika kwa mbunge.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mzee alikutwa asubuhi chini ya mkuyu ulio kando ya mto, kichwa kimepasuka, miguu mitupu. Pembeni yake palikuwa na ile kofia ya nyasi, imejaa makuyu mekundu. Kwanza kituo kizima kilisema kizee kikaidi kimepanda mti kikaanguka. Daktari alisema jeraha lile lingeweza kuwa la jiwe lililokuwa chini au la jiwe lililokuwa mkononi mwa mtu, yeye hakuwepo. Kisha Tafireyi akaonekana kilabuni amevaa viatu vya marehemu, na ajali ikageuka mauaji kabla chupa haijaisha.

MaDube akafungua mlango wa nyuma wa gari. Harufu ya pombe ya mtama ilishuka kwanza, ikafuatiwa na mwenyewe. Suruali ya Tafireyi ilifungwa kwa kamba ya katani na ndevu zake zilikuwa na mabaki ya chakula cha siku tofauti tofauti. Kwa kumtazama tu ungemfunga, na ndivyo kituo kilivyofanya.

"Nieleze tena habari ya viatu," alisema MaDube.

"Nimekueleza mpaka nimejichosha mwenyewe."

"Eleza."

"Nilishuka mtoni alfajiri, kichwa kinaniuma, nikamkuta. Viatu vilikuwa pembeni vimepangwa sambamba, kamba zimeingizwa ndani, vizuri kabisa. Nikalia kwanza. Hilo usilisahau, nililia. Kisha nikavivaa."

"Ukamwacha mwenzio hapo."

"Nikaenda kuita watu. Kilabu kilikuwa njiani."

"Kilabu hakiko njiani."

"Kwangu mimi, MaDube, kiko njiani popote niendapo."

MaDube alimdharau mtu huyu na hakujisumbua kuficha. Mtu anayevua viatu vya rafiki yake maiti, kisha akapitia kilabuni kabla ya kupiga yowe, hastahili hata kuonewa huruma. Lakini zile kamba zilizoingizwa ndani hakuzipenda. Mzee Nhamburo alijulikana kwa kuvua viatu kwa kuvirusha teke mlangoni, kimoja huku na kingine kule, na mkewe marehemu alikufa akimgombeza kwa hilo. Kupanga viatu sambamba ni tabia ya nyumba zenye mazulia. Nyumba ya Tafireyi haikuwa na zulia. Kwa kweli haikuwa na mlango.

Halafu kulikuwa na makuyu. Kofia na vilivyomo vilikuwa kituoni ndani ya mfuko wa ushahidi, na tangu viingie humo kituo hakikupata amani. Sisimizi walitoka mfukoni, wakapanda meza, wakahamia kwenye sukari ya chai ya mkuu. Pfende aliomba ruhusa ayatupe, MaDube akamkatalia. Alikuwa ameyachunguza moja moja. Yote yalikuwa mazima, yote mekundu ya kung'aa, na alipoyapasua hakupata hata moja la kuliwa. Mzee mzoefu angewezaje kuchuma kofia nzima ya sisimizi? Swali hilo alimuuliza mkuu, na mkuu akamjibu kwamba polisi hawashtaki matunda.

MaDube aliiendea safu ya mbele kumhoji mkwe. Manukato yake yalimpokea kabla yeye hajasimama.

Brighton Mazarura, mume wa Ratidzo, binti wa mwisho wa marehemu, alikuwa mtu mzuri wa kutazama, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Suti yake ilikaa sawasawa. Viatu vyake vilikataa vumbi. Kitambaa alichojifutia machozi kilikuwa kimekunjwa pembe nne, na baada ya kulia kote kule kilibaki kimekunjwa vile vile. Kila mara alikuwa akiizungusha saa yake ya dhahabu mkononi, akiipandisha na kuishusha, na MaDube akajiambia kwamba bwana huyu anataka jua liione. Alitamani kumwambia kwamba tumeshaiona, sasa atulie. Mkwe wa Kishona msibani hukaa chini, hupasua kuni, huchinja, na jasho humtoka mbele ya wakwe zake mpaka wamuonee huruma. Huyu alikodi vijana wa kufanya yote hayo, akakalia kiti chenye kitambaa cheupe, na wazee waliokuwa wamekula ng'ombe wake wakakiita hicho ukarimu.

MaDube alimuuliza usiku wa tukio alikuwa wapi. Harare, alisema, nyumbani, katika maombi. Habari za msiba alizipata kwa simu asubuhi, akaja mbio.

"Na mtoni umefika tangu uje?"

"Mtoni?" Aliinua mguu kidogo ili kiatu kionekane. "MaDube, tangu nimwoe Ratidzo sijawahi kushuka huko mtoni. Huo mti wenyewe siujui uko upande gani."

"Ratidzo yuko hapa kwao tangu majira ya baridi, nasikia."

"Alikuja kupumzika. Hali ya hewa ya huku inamfaa."

Hali ya hewa ya huku, mwezi huo wa Septemba, ilikuwa imewafanya kuku wakae chini ya ghala midomo wazi. Ratidzo alikuwa akipita na sahani za sadza, ule ugali wa kwao, amevaa blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa vifungo mpaka viganjani, na hakupita upande wa mumewe hata mara moja.

MaDube alimfuata shangazi mtu, dada wa marehemu, jikoni. Shangazi alikuwa akipuliza moto na hakuinua kichwa. Alisema kaka yake alimpenda mkwe huyo kupita kiasi. Miaka yote picha ya harusi ilikuwa ukutani juu ya redio, na kila mgeni alilazimika kuitazama na kusikia habari za mkwe wa Harare mwenye gari na adabu. Kisha majuzi kaka yake akaishusha picha ile mwenyewe, akaigeuza ukutani, akatuma ujumbe kwamba mkwe aje asimame mbele ya wazee. Mkwe akajibu kwamba atakuja.

"Aliitwa kwa kosa gani?" MaDube aliuliza.

"Muulize mwenye mikono mirefu," alisema shangazi, akaendelea na moto wake.

Alipotoka jikoni alikutana na mkuu wake, aliyekuwa akitafuta maji ya kunawa. Mkuu alimshika bega kwa upole wa mtu aliyeshiba. Alimwambia aache kumsumbua mfiwa; muuaji ameshapatikana, ana pingu, kuna nini tena.

"Mtu kama yule, MaDube? Hebu mtazame tu."

"Nimemtazama, mkuu."

"Basi. Mtu wa heshima anaonekana."

MaDube akamwonyesha yalipo maji. Katika utumishi wake wote hakuwahi kumwona mkuu huyu akipeleleza kitu kilicho mbali zaidi ya ncha ya pua yake, na bado alipandishwa cheo mbele yake mara mbili.

Mkwe alipewa kipaza sauti. Alizungumza kwa Kishona kizuri chenye kuteleza, akamsifu baba mkwe, akamsifu Mungu, akajisifu kidogo kwa njia ya mzunguko. Mwishoni akamnyooshea kidole Tafireyi, ambaye sasa alikuwa ameketi vumbini kati ya wazee, pingu mapajani. Akautumia ule msemo kwamba kuyu hung'aa jekundu nje kumbe ndani limejaa sisimizi, ambao pale hakuna asiyeujua, hata wanaonyonya wanauelewa, na MaDube hakuwa na haja ya kuusikia tena. Watu waliguna kukubali. Mkuu wa polisi aligusa paji la uso kama mtu aliyepata ufunuo.

MaDube alimtazama Tafireyi, kamba ya katani, ndevu, vidole vya miguu vikichungulia kwenye viatu vya marehemu, ambavyo kituoni hakuna aliyejali kumvua. Sasa hapa wekundu uko wapi? Msemo ule unamhusu mwenye kung'aa. Unamhusu yule ambaye ukimwona unasema huyu ndiye, unamchuma bila kumkagua, kisha unatema. Kuuelekeza kwa mlevi aliyechakaa nje na ndani ni kama kumwonya mtu asidanganywe na nguo chafu. Mwenye kuyajua makuyu hangekosea hivyo. Mkwe alikuwa amejifunza maneno kwa sababu wazee huyapenda, kama alivyojifunza kupiga makofi ya salamu na kuinama. Ndani ya maneno hakuwahi kuchungulia.

Ikawa zamu ya wakamwana. Hao nao wana ruhusa yao msibani: huvaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyokuwa, na aliyekuwa bahili huigizwa bahili. Mama Anesu, mke wa mtoto wa kwanza wa marehemu, alitoka ndani amevaa lile koti la kahawia, bakuli la bati kichwani badala ya kofia. Alitembea na goti gumu la mzee. Alikohoa kile kikohozi cha kuwashtua wanaokula nyama bila yeye, na uwanja mzima, waliokuwa wakilia na wasiokuwa wakilia, ukaangua kicheko.

Kisha akaenda mtoni bila kutoka pale aliposimama. Aliinua mkono, akachuma kuyu la hewani, akavua bakuli akaliweka chini. Akalipasua kuyu kwa vidole gumba viwili, akapuliza, akafumba jicho moja na kuchungulia kwa lile jingine.

"Humu mna wenyewe," alisema kwa sauti ya mzee, akalitupa. Akachuma jingine, akapasua, akapuliza, akachungulia. "Na humu mna wenyewe."

Watu walianza kumwitikia. La tatu akalipasua, akalitazama kwa muda mrefu, akageuka kuona kama hakuna jirani, ndipo akaliweka bakulini.

"Sisimizi wakitaka kufika kwangu watembee," alisema. "Mimi siwabebi, goti langu linauma."

MaDube alikuwa akicheka pamoja na wengine, kisha akaacha. Alimwinamia shangazi aliyekuwa amesimama karibu yake na kumuuliza kama mzee alikuwa hivyo kweli, ama ni chumvi ya maigizo.

"Hivyo hivyo, mwanangu. Tukikuta chini ya mti pamejaa vipande, tunajua kapita. Kofiani mwake kuyu zima halikuingia tangu akiwa kijana."

MaDube akamwita Mama Anesu pembeni, akiwa na koti lake vile vile, wakashuka mtoni wawili na kapu.

Chini ya mkuyu alitembea akiinama. Yalikuwepo makuyu yaliyoangushwa na ndege na yaliyotafunwa na nyani. Vipande vilivyopasuliwa kwa vidole havikuwepo, isipokuwa vya zamani, vikavu kama ngozi. Mzee hakuchuma kitu usiku ule. Tena makuyu yalining'inia katika mashada mpaka chini, kiasi cha kuyafikia mtu akiwa amesimama na viatu vyake miguuni. Aliyevivua viatu vile na kuvipanga alidhani tunda ni sharti lipandiwe juu.

Wakachuma. Kila kuyu lililong'olewa liliacha tone jeupe kwenye tawi, na utomvu ulitiririka kwenye vidole vya MaDube mpaka kwenye kifundo cha mkono, ukaanza kunata na kuwasha. Mama Anesu alijipaka majivu aliyokuwa ameyafunga kwenye pindo la kanga. Alisema utomvu huo hautoki kwa maji, unaingia kwenye nguo na kwenye pete, na ngozi itakuwasha siku kadhaa.

MaDube alikuna mkono wake. Aliupandisha mkono wa shati, akaushusha, akaupandisha tena. Ndipo akaacha kuchuma, akajitazama anachofanya.

"Nimekuwa mjinga tangu asubuhi," alisema. "Nilidhani anajionyesha."

Walirudi wakati wazee wanajiandaa kuliinua jeneza. MaDube alimwomba Mama Anesu ahudumie safu ya mbele, tena aanze na mkwe, kwa utani wote anaoujua. Mama Anesu hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akapiga goti mbele ya kiti cheupe, koti la marehemu likiburuza, akasema kwa sauti ya mzee kwamba mkwe hajawahi kula kitu cha shamba lake, na leo asipokula atakuwa amemdharau akiwa mbele yake. Watu walipiga makofi. Kapu likazunguka pia kwa wazee, kwa mkuu, kwa Pfende, hata kwa Tafireyi.

Vidole gumba vikafanya kazi safu nzima. Wazee walipasua bila kutazama, wakapuliza, wakachungulia, wakatupa. Mkuu wa polisi, mtoto wa kijijini chini ya vyeo vyake vyote, alipasua, akapuliza na kutupa. Tafireyi alilipasua lake kwa mikono yenye pingu.

Brighton alichagua lililo jekundu kuliko yote. Alilishika kwa mkono wa kulia, akalifuta kwa kile kitambaa, akalitia mdomoni lote na kuuma.

Vichwa viligeuka. Alitafuna mara moja, akasita, na kitu kikapita usoni pake. Angeweza kutema. Mtoto yeyote angetema, na watu wangecheka yakaisha. Lakini macho yote yalikuwa kwake na yeye hakuzoea kutema mbele ya watu. Akaendelea kutafuna, akatabasamu, na sisimizi mmoja akatoka pembeni ya mdomo na kuanza safari kuelekea shavuni.

"Matamu," alisema. "Matamu sana, mama."

MaDube alikuwa amekwisha kuona watu wanaoua kwa hasira, kwa ulevi, kwa ardhi. Hakuwahi kuona mtu anayemeza sisimizi kwa adabu. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Saa nzuri hiyo, mkwe."

"Asante, MaDube. Ni ya Uswisi."

"Nivulie niione."

Brighton alimtazama mkuu.

"Mpe tu," alisema mkuu, mdomo umejaa. "Wanawake wanapenda vitu vizuri."

Haikutoka haraka. Ilipotoka, ngozi ya chini yake ilikuwa nyekundu na imevimba, na alama za kucha zilikuwa juu yake. MaDube aliigeuza ile saa. Juu ilikuwa dhahabu tupu. Chini, katika viungo vya mkanda wake, utomvu ulikuwa umeganda mweusi, na ndani yake walinata sisimizi wakavu, wengine nusu nje, miguu hewani.

"Hiki nini?"

"Ni hili kuyu mlilonipa," alisema Brighton. Sauti yake ilikuwa bado na adabu.

"Kuyu umelila kwa mkono wa kulia, watu wote wameona. Saa ilikuwa kushoto. Na kuyu la kapuni halitoi utomvu tena. Utomvu unatoka kwenye tawi, mtu anapochuma. Huu umeshakuwa gundi."

"Basi nilichuma. Mikuyu ipo hata Harare. Kwa jirani yangu upo. Nilichuma nikala. Kuna sheria imekataza?"

"Haipo. Ulikula mangapi?"

"Sikuhesabu. Mengi."

"Vipande ulitupia wapi?"

Hakuelewa swali. MaDube alimpa muda alielewe, kwa sababu hakuwa na haraka tena na kwa sababu alikuwa akifurahi.

"Mkwe, kila mtu hapa amepasua lake. Mkuu wangu amepasua. Mlevi amepasua na pingu mikononi. Wewe umemeza sisimizi huku unasema matamu. Mtu aliyewahi kula hata kuyu moja maishani mwake hafanyi hivyo. Uliyachuma kweli, lakini hukuyachuma ya kula. Uliyachuma ya kujaza kofia, usiku, ukachagua yaliyo mekundu kwa mwanga wa simu, ukadhani ndiyo mazuri. Ukamvua mzee viatu ukavipanga kama vya sebuleni kwako. Mti ambao huujui uko upande gani."

Brighton alifungua mdomo. Badala yake aliyezungumza alikuwa Ratidzo, nyuma ya meza ya sahani, kwa sauti ndogo ambayo vipaza sauti vyote vya mumewe havikuisaidia.

"Mlio wa gari lake naujua," alisema. "Usiku ule baba alitoka kwenda kulipokea, akanambia nibaki ndani. Alisema wataongelea mtoni, nisisikie kelele. Kulipokucha nikajiambia nimesikia gari jingine."

Alifungua vifungo vya viganjani, akaikunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko, kama mtu anayetaka kuosha vyombo. Michubuko ilikuwa ya rangi zote, ya zamani na ya karibuni. Shangazi alikuja akasimama karibu naye.

Mkuu wa polisi aliweka sahani chini taratibu. Alisema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Pfende alikuwa akimfungua Tafireyi pingu ili azihamishie kwenye suti. Brighton alipopitishwa kati ya viti alijaribu kutembea kama mtu anayeelekea garini kwake, na sisimizi bado alikuwa shavuni.

Walioshika jeneza walikuwa wamesimama wakisubiri. Tafireyi alisugua vifundo vya mikono yake, akavivua viatu vya marehemu, akavirusha teke, kimoja huku na kingine kule. Akaenda mbele ya kile kioo peku, akainama mpaka pua yake ikakigusa. Ilikuwa zamu yake sasa, na matusi yalikuwa haki yake. Watu walijiweka tayari kucheka.

"Museyamwa," alimwita kwa jina la mbari yake. "Mzee bahili, mgomvi, mnyima nyama. Maisha yako yote hukuingiza kuyu kofiani bila kulipasua na kulichungulia kwa jicho moja."

Alifuta kioo kwa kiganja, mahali pumzi yake ilipokitia ukungu.

"Mkwe ukampokea mzima."

Hakuna aliyecheka. Ratidzo alikuja akashika mpini wa jeneza upande wa kichwa, mikono wazi, na wakaanza kutembea kuelekea kaburini.